Nimeitwa kozi ya wiki 6 na mama anaumwa, nifanyeje?

Askari_Mvita: Ndugu zangu, nimekwama. Mimi ni askari, mwaka wa 9 kazini hapa Mombasa. Nimepata barua: wiki 6 za mafunzo, mwisho mtihani, bila cheti sipandi cheo. Mama anasafishwa damu mara 2 kwa wiki na mimi ndiye ninayemvusha feri, saa 11 alfajiri. Kuna njia ya kupata cheti bila kukaa darasani siku zote?

MzeeMstaafu: Mwanangu, nenda. Mimi nilipelekwa Kiganjo, chuo cha polisi kule Nyeri, kozi ya koplo mtoto wangu wa kwanza ana siku 11. Baridi ya Nyeri kwa mtu wa Likoni! Nililala na sweta mbili. Lakini nilirudi najua kuandika taarifa ambayo wakili haichani mahakamani.

BintiKibokoni: Mzee, kaulizia mama. Kaka, omba kuahirishiwa, ambatisha barua ya daktari.

ShaibuKisauni: Msomeshwe tu! Katiba, ibara ya 244, inataka polisi wafunzwe kwa kiwango cha juu kabisa na waheshimu haki za binadamu. Jedwali la Sita la sheria yao ya 2011 linasema uanze na njia zisizo za nguvu. Kijana wangu alianziwa na kofi.

FundiMakupa: Mnamsomea sheria za polisi, nani kawaambia ni polisi? Yakhe, we ni polisi au kanjo, askari wa kaunti? Miaka 9 kazini hujui kuomba ruhusa? Huu uzi umetungwa. Swali ni cheti bila darasa, mama katiwa tu atuonee huruma.

Askari_Mvita: Ni wa kaunti. Na mama yupo, amelala chumba cha pili, mkono wake wa kushoto umevimba fundo pale sindano zinapoingia, ukiugusa unatetemeka. Usimtaje tena.

FundiMakupa: Marehemu baba alikuwa na fundo hilo hilo. Nisamehe. Lakini cheti je?

Askari_Mvita: Haya. Kuna mtu nimempa 7,000, cheti kaniletea jana. Mimi si mwizi, kazi naijua. Wenzangu wangapi wamefanya hivyo?

BintiKibokoni: Kaka, huko ni kughushi. Kifungu cha 349 cha Kanuni ya Adhabu, hadi miaka 3. Ukikipeleka ofisini ni kosa jingine. Na EACC, tume ya kupambana na ufisadi, huwadai watu mishahara waliyoila kwa vyeti bandia. Ukifungwa, mama atavushwa na nani?

Askari_Mvita: Sijakipeleka.

MzeeMstaafu: Basi tuambie unachokimbia. Si feri.

Askari_Mvita: Mtihani. Niliishia kidato cha pili. Mwezi uliopita soko la Kongowea mama muuza nyanya aliniambia, "Nitajie sheria inayokuruhusu kuchukua mizani yangu." Watu wamesimama wananitazama. Sikuwa na jibu. Mizani niliichukua.

ShaibuKisauni: Umrudishie.

MzeeMstaafu: Hicho cheti kichome. Barua ya kuahirisha tutaiandika pamoja, na sheria ndogo za kaunti tutazisoma moja moja, Kiswahili changu na chako. Nipo Likoni. Njoo Jumamosi.

Askari_Mvita: Jumamosi ni siku ya mama. Jumapili, mzee?

MzeeMstaafu: Jumapili baada ya alasiri. Njoo na daftari.