Ukuta wa mawe unavuta maji, Moshi: fundi anataka simenti yenye dawa

Rau_Juu: Wakuu habari. Nyumba ya zamani hapa Rau, kuta za mawe unene sm 45, zilijengwa kwa chokaa, lipu ya simenti ikaja baadaye. Ukuta wa upande wa mlimani, urefu mita 6, una unyevu kutoka chini hadi sm 90. Rangi inabanduka, unga mweupe unatoka, lipu ukiigonga inalia mvungu. Fundi anashauri lipu mpya ya simenti 1:3 (simenti moja, mchanga tatu) na dawa ya kuzuia maji. Nikubali?

FundiMawe: Hapana. Hiyo inaziba uso tu. Maji yaliyo ndani ya mawe yatapanda juu ya lipu mpya au yatokee chumbani. Udongo wa nje na sakafu ya ndani vimepishana kiasi gani? Na gata ya kukinga maji ya paa ipo?

Rau_Juu: Udongo uko sawa na sakafu, bustani imeupandisha. Gata upande huo hakuna.

FundiMawe: Basi ugonjwa ni huo, lipu ni dalili. Shusha udongo uwe sm 15 chini ya sakafu. Mita 1 kutoka ukutani chimba mtaro upana sm 30, kina sm 50: bomba la inchi 4 lenye matundu yakiangalia chini, mteremko sm 1 kila mita, kokoto juu yake. Usichimbe ukigusa msingi, nyumba hizi msingi wake si wa kina. Gata ni lazima. Bila hiyo maji ya paa yanapiga chini na kuurukia ukuta kila mvua.

Njiro_Chokaa: Naongeza upande wa lipu. Bandua hadi sm 30 juu ya doa, yaani mita 1.2. Kwangua maungio ya mawe kina sm 2, piga brashi kavu kuondoa chumvi, ndiyo huo unga mweupe. Usioshe kwa maji, chumvi itayeyuka na kurudi ndani.

Kwa ukubwa wa eneo lako, mita 6 kwa 1.2: ndoo 9 za lita 20 za mchanga uliochekechwa, 2 za chokaa, 1 ya simenti. Jaza maungio kwanza, kisha mikono (tabaka) miwili ya lipu, kila mmoja usizidi mm 10. Nyunyizia ukuta kabla ya kupiga, halafu funika kwa magunia mabichi siku 3. Vaa glavu na miwani, chokaa inaunguza macho. Rangi iwe chokaa ya kupaka. Rangi ya mafuta ukipaka, umerudi kwenye kosa la fundi wako, la kuziba uso.

Pasua88: Bandua masika yakiisha, Juni, ila msipige lipu haraka. Juni na Julai kwetu ni baridi na mawingu, mawe ya sm 45 hayakauki kwa wiki mbili. Septemba, kabla ya vuli, bandika nailoni sm 40 kwa 40 ukutani, ziba kingo zote kwa gundi. Baada ya siku 2, ukikuta matone upande unaogusa ukuta, subiri.

Rau_Juu: Na ndani je?

Njiro_Chokaa: Mchanganyiko uleule. Ila nje itangulie, na kabati lisigusane na ukuta.