Gawio la CRDB: nani anastahili, na kwa nini benki isibaki na hela zake?

Swali
Wakuu, naomba ufafanuzi. Gawio (sehemu ya faida wanayolipwa wanahisa) la benki ya CRDB la mwaka 2024 lilikuwa sh 65 kwa hisa. Mwenye hisa 1,000 anapata ngapi mkononi? Akinunua siku moja kabla ya daftari la wanahisa kufungwa, yumo? Halafu lile linaloniumiza kichwa: benki inahitaji mtaji wa kukopesha, sasa kwa nini igawe hela badala ya kuzizungusha?

Jibu la 1
1,000 × 65 = 65,000. Kodi ya zuio (inayokatwa kabla hujalipwa) kwa kampuni iliyoorodheshwa DSE, Soko la Hisa la Dar es Salaam, ni 5%, yaani 3,250. Unaingiziwa 61,750. Kampuni ndiyo inayokata, na kwa mtu binafsi mkazi kodi hiyo ni ya mwisho, hudaiwi nyingine juu ya gawio hilo. Kampuni isiyo sokoni hukata 10%.

Kwenye daftari ndipo wengi huchemsha. Ukinunua leo, hisa hazihamii jina lako leo. Zinahamia siku ya 3 ya kazi baada ya kununua. Daftari likifungwa Ijumaa, aliyenunua Alhamisi hayumo, na gawio ni la aliyemuuzia. Mwisho wako ni Jumanne, na sikukuu ikiangukia katikati rudi nyuma zaidi. Kwenye tangazo tafuta tarehe ya mwisho ya kununua hisa zenye gawio. Tarehe ya malipo haikusaidii kitu hapo.

Jibu la 2
Mkuu, hawagawi zote. Faida baada ya kodi mwaka 2024 ilikuwa kama sh bilioni 551, na gawio lilichukua bilioni 170 hivi. Hiyo ni 31%. Nyingine zimebaki humo humo zikizungushwa.

Hata hizo 31% angalia zinakwenda kwa nani. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ni miongoni mwa wanahisa wakubwa, nao wana wastaafu wa kulipa kila mwezi. Hawawezi kuwa wanamega hisa na kuziuza kila wanapohitaji hela, hasa kwenye soko ambalo mzigo mkubwa unaweza kukosa mnunuzi kwa siku kadhaa. Na mimi binafsi naliamini gawio kuliko faida ya kwenye vitabu: vitabu vinaweza kupambwa, gawio linadai hela iwepo.

Bodi nayo haiamui inavyotaka. BoT (Benki Kuu) inazuia benki kugawa ikiwa gharama za uendeshaji zimezidi 55% ya mapato na mikopo chechefu, yaani isiyolipwa vizuri, imepita 5% ya mikopo yote. Safaricom, kampuni ya simu kule Kenya, haina kizuizi cha aina hiyo, ndiyo maana sera yake inafika 80% ya faida.

Muuliza swali
Asanteni. Kwa hiyo naweza kununua kabla ya daftari, nichukue gawio, halafu niuze wiki inayofuata?

Jibu la 1
Jaribu kwa karatasi kwanza. Tuseme hisa ni sh 1,000 na gawio 65. Siku ya kwanza bila gawio, mnunuzi mwenye akili anakupa 935, kwa sababu zile 65 hatazipata. Wewe umepokea 61.75. Toa kamisheni ya dalali kununua, toa tena ya kuuza. DSE bei haishuki kwa usahihi huo kila mara, lakini kamisheni haikosi.

Jibu la 3
Naongezea mambo yanayokwamisha malipo, maana gawio likishaidhinishwa na mkutano mkuu ni deni la kampuni, ila halijilipi. Jina la akaunti ya benki lisipofanana na la akaunti ya CSD (akaunti ya kielektroniki inayotunza hisa zako), hela inarudi. Akaunti iliyolala, vivyo hivyo. Hisa za marehemu zinasubiri msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kadi ya benki ya marehemu haitoshi. Rekebisha taarifa kupitia dalali wako kabla daftari halijafungwa. Ukichelewa, lililokwama unalidai kwa msajili wa hisa (anayetunza daftari la wanahisa), ukiwa na kitambulisho na namba ya CSD.