Nimeuziwa mvinyo uliotiwa gesi kwa bei ya shampeni, na risiti imeandikwa "Champagne"

Wakuu, nawasalimu. Jumamosi iliyopita tulimuaga dada yangu hapa Dar es Salaam, na kamati ilinikabidhi kazi ya kununua chupa 6 za shampeni. Nilikwenda katika duka la vinywaji lenye viyoyozi na rafu za kumeremeta, nikamweleza muuzaji kwamba ninataka shampeni halisi isiyo tamu, kwa kuwa wazee wa upande wa pili hawapendi vinywaji vya sukari. Alinipa chupa zilizovishwa karatasi ya dhahabu shingoni, akanitoza shilingi 150,000 kwa kila moja, nami nikalipa bila kusoma lebo ya nyuma. Kosa hilo ni langu.

Mshereheshaji alipofungua chupa ya kwanza, kizibo kilikuwa cha plastiki, na mapovu yalikwisha kabla wazazi hawajamaliza kugonganisha glasi. Ndipo niliposoma, kwa herufi za kutafutwa kwa tochi, kwamba kinywaji hicho kimeongezwa kaboni dioksidi, yaani ni mvinyo wa kawaida uliopulizwa gesi kama soda. Shampeni hutoka katika eneo la Champagne nchini Ufaransa peke yake. Mapovu yake hutokana na mvinyo kuchachuka mara ya pili ndani ya chupa ileile, na hairuhusiwi kuuzwa kabla ya kutimiza miezi 15. Kama hakuwa nayo, angesema tu, ningechukua Cap Classique ya Afrika Kusini, ambayo nayo huchachukia ndani ya chupa.

Kuhusu utamu, muuzaji alinihakikishia kwamba Demi-Sec, neno lililo kwenye chupa, maana yake ni "kavu kiasi", yaani si tamu sana. Kumbe neno hilo huashiria gramu 32 hadi 50 za sukari kwa lita, ilhali Brut, niliyostahili kupewa, haifiki 12. (Hata Extra Dry, msihadaike na jina, ina sukari kuliko Brut.) Mzee mmoja aliuliza kwa upole kama tumewaandalia sharubati.

Jumatatu nilirudisha chupa 3 ambazo hazijafunguliwa. Meneja alinijibu kwamba kila chenye mapovu ni shampeni, kisha akaninyoshea kidole kibao cha ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Risiti ya EFD ninayo, chupa ninazo, na kesho asubuhi vyote ninavipeleka Tume ya Ushindani. Aliyewahi kufikisha lalamiko la namna hii huko anieleze nianzie wapi.