Kongoni alinipotea na damu yake: nifanyeje mazoezi na bunduki ya 375 kabla ya msimu?

Mrithi wa Sikonge
Wakuu, heshima kwenu. Marehemu mzee aliacha bunduki ya BRNO 375 ya zamani. Nilifuata taratibu zote polisi, ikachukua muda mrefu, sasa naimiliki kwa leseni yangu mwenyewe. Msimu uliopita nikaingia porini mara ya kwanza, kibali mkononi. Kongoni alisimama ubavu, kama hatua themanini. Nikapiga, akayumba, akakimbia. Tulifuata damu mpaka giza likatukuta, kesho yake tukarudi, hatukumpata. Linaniuma mpaka leo.

Baba mdogo anasema risasi za 375 ni ghali, si za kutobolea makaratasi, mazoezi ni hukohuko porini. Moyo wangu unakataa. Nikivuta kidole najikuta nimeshafumba macho kabla haijalia. Nisaidieni.

Askari Mstaafu
Pole sana mdogo wangu. Baba yako mdogo nampinga kwa heshima zote: mnyama si karatasi ya kujifunzia. Risasi ya 375 H&H ipo tangu 1912, na kwa sheria yetu ya Tanzania nyati hapigwi na ndogo kuliko hiyo. Ina teke, yaani inarudi nyuma kwa nguvu ikilia, na bega lako linalijua, ndiyo maana macho yanafumba.

Nenda uwanja wa shabaha na mwenzako. Yeye ndiye apakie: mara risasi nzima, mara aache chemba (pale risasi inapokaa) tupu, wewe usijue. Ukivuta kidole kwenye chemba tupu mtutu ukainama, umeuona ugonjwa wako mwenyewe. Usizidishe risasi kumi kwa siku. Bega likishaumia unachojifunza ni woga tu.

Fundi Mtutu
Kabla hujajilaumu, uliwahi kuangalia inapiga wapi? Bunduki iliyokaa stoo miaka, skrubu za darubini hulegea. Egemea mfuko wa mchanga, piga tatu mita 100. Zikikusanyika pembeni, rekebisha darubini. Klik moja ya kitasa cha kurekebishia kwa darubini nyingi ni kama milimita 7 kwa umbali huo. Zikitawanyika, shika bisibisi kwanza. Na jicho likae mbali na kioo, 375 inapasua nyusi.

Shabaha Kiambu
Salamu kutoka Kenya. Huku uwindaji ulipigwa marufuku 1977, kwa hiyo sisi bunduki tunazijulia uwanjani tu. Ushauri wangu ni .22, bunduki ya risasi ndogo. Uliza klabu kama wana ya kutumia palepale. Mchezo wa mita 50 unapigwa kwa magoti, kulala na kusimama, na duara la kumi, lile la katikati lenye alama nyingi zaidi, lina milimita 10.4, karibu upana wa kidole cha mwisho. Haina teke na risasi zake ni nafuu, unapiga hamsini ukisikiliza pumzi na kidole tu. Mimi ilinitibu kufumba macho, naipenda kwa hilo mpaka leo.

Askari Mstaafu
Kiambu amesema kweli. Naongeza: usizoee meza, porini hakuna meza. Funga fimbo tatu kwa mpira, simama, egemeza bunduki juu yake, piga. Mnyama akikaa ubavu, fuata mguu wa mbele kwenda juu mpaka theluthi ya mwili, hapo hapo. Ukishapiga, pakia nyingine papo hapo bila kushusha bunduki. Akikimbia usimfukuze, mpe nusu saa. Anayefukuzwa na jeraha anakwenda mbali, asiyefukuzwa hulala karibu. Nina hofu wa kwako mlimsukuma.

Mrithi wa Sikonge
Ni kweli tulimkimbilia palepale. Sikujua.

Mrejesho wa jana: risasi tatu za kwanza zote kulia, shibiri nzima, zimetawanyika. Skrubu ya mbele ilikuwa imelegea nusu mzunguko! Tukakaza, zikarudi karibu na kati. Halafu mwenzangu akanipakilia kwa siri. Chemba tupu tano, mtutu uliinama mara nne. Baba mdogo alikuwepo, akanyamaza, mwishoni akaomba na yeye apakiliwe. Jumamosi narudi na fimbo tatu. Fundi, skrubu nizitie gundi au nizikaze tu?

Fundi Mtutu
Tone dogo la gundi ya skrubu, ile inayofunguka. Futa mafuta kwanza.