Wauza "akriliki za modeli" mtandaoni, "thina yoyote" ndiyo kitu gani? Mmeniharibia Dreamliner!

Ugonile wakuu. Mods naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa mafundi rangi wa nyumba. Hapa naongelea ndege za modeli, na nina hasira, kwa hiyo wapenda lugha laini wapite kando.

Nipo Mbeya, Soweto. Kwa wasiojua, modeli inakuja vipande vya plastiki vikiwa kwenye fremu. Unakata, unagundisha, unapiga msasa, unapaka rangi mpaka ifanane na ndege yenyewe. Ya kwangu ni Boeing 787-8, yaani Dreamliner, iliyotengenezwa na kampuni ya modeli ya Zvezda, kipimo cha 1/144. Ndege ya mita karibu 57 inakuwa ya sentimita 39 hivi, inakaa juu ya kabati la TV vizuri kabisa. Nataka iwe ile ya kwetu ya Air Tanzania, yenye usajili 5H-TCG, iliyotua Dar Julai 2018, twiga mkiani. Dekali za twiga, yaani picha za kubandika, niliagiza nje zikaja kwenye bahasha bila maswali, maana ni karatasi tu. Rangi ndiyo imenitoa roho.

Ukitaja rangi za modeli kama Tamiya au Vallejo dukani Mwanjelwa wanakuuliza ni dawa ya nini. Siwalaumu, hawajawahi kuziuza. Kuagiza nje nako ni vita. Tamiya ya akriliki ina alkoholi ndani, inashika moto, kwa hiyo kwenye ndege inahesabiwa mzigo wa hatari, daraja la 3, namba UN 1263. Hilo naelewa. Lakini Vallejo ya Hispania ni ya maji, haiwaki, na bado wakala wa mizigo akaikataa. Nikamtumia karatasi ya usalama ya kiwandani inayosema wazi kuwa haiwaki. Jibu lake: "Rangi ni rangi, boss." Ndio watu tuliowakabidhi mizigo yetu hao. Mwaka 1932 ndege za Imperial Airways zikitoka London kwenda Cape Town zilikuwa zinatua hapa hapa Mbeya. Leo kichupa cha mililita 17 cha rangi ya maji hakifiki.

Basi nikakutana na jamaa wa Dar anayejitangaza mtandaoni kwamba ana "akriliki orijino za modeli, mbadala wa Tamiya". Picha aliyoweka ni ya kichupa halisi cha Tamiya. Shilingi 15,000 kwa kichupa cha 10 ml. Ghali, lakini nikasema sawa, nikamuuliza swali moja tu ambalo mtu yeyote anayeuza rangi anapaswa kulijibu akiwa usingizini: inazimuliwa na nini?

"Thina yoyote mkuu."

Nikarudia. Maji, spiriti, au thina ya gari? "Yoyote mkuu, hiyo ni akriliki." Nikamwambia nipo Mbeya, siwezi kurudisha mzigo kirahisi, naomba uwe mkweli. Akaniapia.

Mzigo ukaja kwa basi. Vichupa vya plastiki vya kujazia, lebo imechapwa na printa ya stationery, wino ukiugusa kwa kidole chenye maji unachuja. Nikafungua cheupe. Harufu ile ile ya sebule iliyopakwa jana. Wakuu, hii ni emulshen ya ukutani! Mtu amenunua kopo la lita nne, akagawa kwenye vichupa, akaita akriliki ya modeli.

Na hapa ndipo wengine mtaniambia "si emulshen nyingine zina akriliki kweli?" Ndiyo, zina. Ndiyo maana utapeli huu ni mtamu, hausemi uongo mzima. Ila rangi ya ukutani imejazwa unga wa chokaa ili ijaze vinyweleo vya plasta, na chembe zake ni kubwa. Piga hesabu: tabaka la milimita 0.1 kwenye modeli ya 1/144 ni sawa na kuipaka ndege halisi rangi ya unene wa milimita 14.4. Mistari ya paneli, ile ya maungio ya bodi, yote imezikwa. Milango imepotea. Nilizimua kwa maji, nikapuliza kwa eabrashi, kile kibomba cha kupulizia rangi, juu ya praima (rangi ya msingi), pua yake ikaziba. Nikapaka kwa brashi laini, ikakauka na mikwaruzo. Na kwa sababu haina mng'ao, dekali ya jaribio ilinasa hewa chini yake ikabaki inameta pembeni. Halafu nikabandika tepu ili nipake kijivu cha mbawa. Kutoa tepu, ngozi nzima ya rangi imekuja nayo.

Kabla ya hapo nilishajaribu hiyo "thina yoyote" kwenye kipande cha fremu. Thina ya gari ina viyeyusho vikali, na hizi modeli ni za plastiki iitwayo polistireni. Fremu ililainika ikawa kama jojo ya bazoka. Fikiria kijana aliyenunua seti yake ya kwanza kwa hela ya kuunga-unga angemwaga hiyo moja kwa moja juu ya bawa.

Nikampigia. Unajua alisema nini? "Mbeya kuna baridi mkuu, ndiyo maana haishiki." Aisee! Ni kweli Juni na Julai usiku huku tunashuka chini ya nyuzi 10, na akriliki ya maji haifungi vizuri kwenye baridi hiyo. Lakini mimi napaka saa saba mchana, jua linawaka mlima Loleza wote unaonekana. Baridi haigeuzi emulshen ikawa Tamiya. Sasa hivi amenibloku.

Kinachoniuma ni hili neno mbadala. Mnadhani mbadala ni kufananisha rangi kwa macho: nyeupe kwa nyeupe, kijivu kwa kijivu. Rangi naweza kuchanganya mwenyewe. Nisichoweza kuchanganya ni kiyeyusho. Tamiya inakubali alkoholi ya isopropili au thina yake ya X-20A. Vallejo ukiitia alkoholi hiyo hiyo inaweza kukatika mabonge papo hapo. Zote mbili zimeandikwa akriliki! Humbrol ya kikopo cha 14 ml ni enameli ya mafuta, inataka tapentaini. Muuzaji asiyejua chake kinakubali nini hana mbadala, ana maji ya rangi kwenye chupa.

Mwenye hadwea mmoja Mwanjelwa, mzee wa Kinyakyusa, sitamtaja, amewazidi ninyi wauzaji wa mtandaoni nyote. Nilimwonyesha bawa, akaligusa akacheka. "Mwanangu, yangu ni ya ukuta, sikudanganyi. Kama unataka ya kushika plastiki, chukua hii ya mafuta, ila nyeupe yake itakuja kuwa njano." Kasema kweli tupu. Rangi ya mafuta inazimuliwa na tapentaini, na hiyo haili polistireni kama thina ya gari. Inafunika vizuri, inang'aa, mabingwa wa Tingatinga walianza na enameli hizo hizo kwenye hadibodi. Tatizo ni nyeupe: inageuka njano, hasa ikikaa gizani, na inakauka kwa kujivuta huku inakusanya vumbi la kiangazi. Kwa ndege ya kivita kama Spitfire, yenye madoa ya kijani na kahawia, ningeichukua bila kusita. Kwa Dreamliner nyeupe, hapana.

Kilichonisaidia kidogo mpaka sasa ni akriliki za wachoraji, zile za tyubu. Ni nzito, na ukizitia maji peke yake zinajikusanya matone juu ya plastiki. Osha vipande kwa sabuni kwanza, suuza, acha vikauke, puliza praima ya kijivu hafifu ya kopo la spray kwa mbali, tabaka jepesi jepesi, ukiwa umejaribu kwenye fremu. Ndipo upake tyubu iliyozimuliwa, nyembamba, mara nyingi. Nyeupe inachosha mno, tabaka la kwanza utadhani umepaka maji ya mchele. Ila mistari ya paneli inabaki.

NYONGEZA: Mkuu uliyesema nitumie rangi ya kucha, hapana. Kiyeyusho chake kinakula plastiki hii. Na wewe wa "nunua ndege iliyokwisha kupakwa", endelea na maisha yako.

NYONGEZA 2: Wanaonitumia "njoo inbox nina mzigo", sije. Weka hapa hapa picha ya chupa upande wa nyuma, pale palipoandikwa kiyeyusho, na useme ilifunguliwa lini. Natafuta nyeupe ya kung'aa, X-2 ya Tamiya au ya Vallejo, na kijivu chepesi cha mbawa. Ukiwa Iringa, Makambako au Tunduma ni bora zaidi, naweza kuja kuona kwa macho kabla sijatoa hela.