Masindi–Butiaba–Hoima (Uganda) kwa siku moja na watoto: naomba ushauri

MamaSubira_Ntinda
Wadau, habari za leo. Ijumaa ijayo tunalala Masindi kwa ndugu. Jumamosi nataka watoto wakaone Ziwa Albert, turudi Masindi kabla ya giza. Gari ni Noah ya otomatiki, siyo ya kuvuta magurudumu yote. Abiria ni watoto watatu (miaka 4, 7 na 11), baba yao, mimi, na bibi yao ambaye magoti yanamsumbua. Tupite njia ipi? Noah itauweza ule mteremko wa kushukia ziwani? Na je, watoto wanaweza kuogelea? Nguo za kuogelea wameshazipakia.

Abwooli_wa_Bunyoro
Mama Subira, karibuni kwetu. Zungukeni, msirudi mlikopita. Tokeni Masindi, mkate Msitu wa Budongo hadi Biso, mshuke Butiaba, mpande tena Biso, kisha Kigorobya, Hoima na Masindi. Ni kilomita 200 hivi, na njia kuu zote hizo sasa ni lami.

Msianzie upande wa Hoima, hata kama mtu atawaambia ni sawasawa tu. Ukingo wa Bonde la Ufa pale juu ya Butiaba unatazama magharibi. Asubuhi jua liko mgongoni kwenu, linamulika ziwa na milima ya Kongo ng'ambo. Baada ya saa nane jua limehamia upande wa Kongo: mnatazama mng'ao mtupu, na dereva anashuka kona huku amekunja macho. Ondokeni saa moja asubuhi. Saa tatu na nusu mtakuwa ukingoni, hata mkisimama mara mbili msituni.

Usiku uliotangulia ukinyesha, shukuruni, kwa maana vumbi linakuwa limeoshwa na mikunjo ya ile milima inahesabika. Kati ya Desemba na Februari moshi wa nyasi zinazochomwa unaweza kuificha yote, mkabaki na ziwa na ukungu wa kijivu.

Budongo ndani mwendo uwe 50. Nyani wanakaa kando ya lami wakingoja wapita njia warushe ndizi, na mtoto wa nyani hukatiza bila kutazama. Madirisha ya watoto yafungwe, chakula kisionekane. Mafuta jazeni Masindi. Lita 25 zinatosha mzunguko, lakini msiende na kidogo mkitegemea kupata Butiaba.

Fundi_Katwe
Noah itashuka vizuri, mradi injini ifanye kazi ya kuzuia gari. Kabla hamjaanza kuinama pale baada ya Biso, zima O/D (gia ya juu ya mwendo kasi) kwa kile kitufe cha kwenye gia, shusha hadi 2. Mteremko ukizidi, L, gia ya chini kabisa. Ukingoja gari lifike 80 ndipo ushushe gia, umeshachelewa.

Breki ikanyagwe kwa vipindi: kanyaga kwa nguvu kasi ishuke toka 50 hadi 35, achia kabisa, subiri, rudia. Kuikalia breki kidogokidogo njia nzima ndiko kunakoharibu. Pedi na diski zinapata moto, moto unaingia kwenye kalipa (kile kinachobana pedi), na mafuta ya breki ya siku nyingi, ambayo yameshanyonya unyevu wa hewa, yanachemka. Mafuta hayabanwi, mvuke unabanwa. Hapo pedeli inazama hadi sakafuni na gari halisimami. Kama yana zaidi ya miaka 2, badilisheni kabla ya safari. Ni chini ya lita moja, DOT 3 au DOT 4, kama kilivyoandikwa kifuniko cha kopo lake. Pedi zikiwa chini ya milimita 3, nazo zitoke.

Mkisikia harufu kama ya kitambaa kinachoungua, tafuteni mahali pa wazi pasipo kona, magurudumu yote nje ya lami, weka P, jiwe nyuma na mbele ya tairi, mngoje nusu saa. Msimwagie maji! Diski ya moto ikipata maji baridi hupinda au hupasuka.

Kupanda kurudi Biso ni mtihani wa rejeta. Watu sita na mizigo ni uzito mkubwa. Zimeni eyakondishi, macho kwenye kipimo cha joto. Mshale ukipita nusu, washeni hita na kufungua madirisha. Mtatokwa jasho lakini injini itapumua. Kifuniko cha rejeta kisiguswe mpaka injini ipoe.

Nesi_Zamu
Dada, hizo nguo za kuogelea ziacheni Masindi. Nalisema kwa msisitizo kwa sababu ufuo wa Butiaba unavutia na watoto wa pale mtawaona wakicheza majini. Ziwa Albert lina kichocho cha tumbo kwa wingi. Vijidudu hutoka kwenye konokono wa maji na kupenya ngozi nzima, isiyo na kidonda, ndani ya dakika chache, na hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali, saa zile zile mtakazokuwepo. Kutumbukiza miguu tu kunatosha. Tena kuna mamba na viboko.

Bebeni maji yenu ya kunawia. Mtoto akiteleza akaingia ziwani, mfuteni papo hapo kwa taulo kavu, kwa kusugua. Msikimbilie kumpa dawa kesho yake: praziquantel, dawa ya kichocho, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, huua minyoo iliyokomaa, michanga huiacha. Andikeni tarehe, mpelekeni kituo cha afya apimwe baada ya wiki 6 hadi 8, na mseme wazi kwamba aligusa maji ya Ziwa Albert. Akipata homa, vipele vya kuwasha au kikohozi kabla ya hapo, msingoje tarehe.

Okot_Pakwach
Kwa nini wasiendelee hadi Wanseko? Wakifika chini, badala ya kukata kushoto kwenda Butiaba, wanyooshe kaskazini kupitia Bulisa. Nile ya Viktoria inaingia ziwani pale, na Nile ya Albert inatoka kona hiyohiyo. Jambo hilo mtoto wa miaka 11 hatalisahau.

Abwooli_wa_Bunyoro
Okot, ni kweli, lakini ni kama kilomita 100 zaidi kwenda na kurudi, na malori ya kazi za mafuta ni mengi upande wa Bulisa. Na mtoto wa miaka 4, hapana. Wanseko inataka siku yake.

Yule mkubwa mpelekeni Mparo, nje kidogo ya Hoima kwenye barabara ya Masindi, kwa hiyo hamgeuzi njia. Ni kaburi la Omukama (mfalme wa Bunyoro) Kabalega, aliyepelekwa uhamishoni Shelisheli mwaka 1899 na kufia Jinja mwaka 1923 akiwa njiani kurudi nyumbani. Chakula cha mchana kuleni Hoima. Ulizeni firinda, maharage yaliyomenywa maganda, na akaro, ule ugali wa ulezi. Msishangae mkiulizwa *empaako* yenu, lile jina la heshima na upendo la Wanyoro. Mgeni asiye nayo hupewa, na watoto hufurahi sana.

Samaki Butiaba: mputa (sangara) au ngege (sato), mashavu ndani yawe mekundu, jicho limetuna, ukibonyeza nyama irudi. Bila sanduku la barafu msinunue wabichi. Chukueni muziri, wale dagaa wa ziwa hili, wakavu. Sugua kiganjani kwanza: mchanga ukibaki, walianikwa chini, si kwenye chanja. Samaki wachanga msiguse, ni kosa kisheria na mnaweza kukaguliwa njiani.

MamaSubira_Ntinda
Asanteni mno. Nguo za kuogelea nimezitoa kwenye begi, kuna aliyelia. Mawili yamebaki: tuondoke Butiaba saa ngapi, na dumu la lita 20 la maji linatosha?

Abwooli_wa_Bunyoro
Saa sita kamili muwe mnapanda. Hoima saa nane, Mparo, na saa kumi muwe mmeshika njia ya Masindi. Kilomita 55 hivi, mnafika kweupe. Jioni ng'ombe wanarudi na baiskeli hazina taa. Bibi akae kiti cha mbele, mandhari ataiona bila kushuka.

Fundi_Katwe
Dumu linatosha kunawia, na hata la rejeta likihitajika. Lisimamisheni sakafuni nyuma ya kiti cha dereva, lifungwe. Likikaa buti ya nyuma pasipo kizuizi, breki moja ya ghafla inalileta kichwani kwa mtoto.