Wauza laptopu za mtumba Arusha, kwa nini mnafuta mfumo wa uokoaji wa Windows halafu mnatuuzia?

Wakuu, someni hadi mwisho. Na kama humu kuna mafundi wa kompyuta wa Arusha au Moshi, uzi huu unawahusu nyinyi kwanza.

Nina stesheneri hapa Ngarenaro. Kuchapa, kutoa kopi, kuskani, kuwajazia vijana maombi ya mikopo ya chuo. Kazi zote hizo zinapita kwenye laptopu moja ya mtumba niliyoinunua duka fulani la mjini, ikiwa na Windows 10. "Imeshapigwa kila kitu dada yangu, wewe ni kuwasha tu." Umeme wa mtaani unakatika, na betri ya mashine ya mtumba mnajua haikai na chaji. Mashine inazimika ghafla kila mara. Nikaona kabla haijagoma kuwaka siku nina foleni ya wateja, nitengeneze diski ya kurekebishia mfumo.

Kwa wasioijua: unabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, unaandika recdisc, unaweka CD au DVD tupu, Windows inachoma yenyewe. Siku mashine ikigoma unaiwashia kwenye hiyo diski, unapata zana za kutengeneza uwashaji, za kuurudisha mfumo ulikokuwa kabla haujaharibika, na lile dirisha jeusi la amri ambalo ukilijua unaweza hata kunakili kazi zako kwenda kwenye flashi. Haina Windows nzima ndani na haipigi Windows upya. Inaokoa iliyopo.

Ikagoma kuchomwa. Hitilafu 0x80070002.

Nikarudi dukani. Fundi akasema CD ni feki, ninunue nyingine. Nikanunua. Ikagoma vilevile. Akasema basi draivu ya DVD imechoka, nibadilishe, na akanitajia bei yake. Hapo ndipo nilipopata hasira, kwa sababu namba hiyo haihusiani na CD wala draivu! 0x80070002 maana yake mfumo umetafuta faili fulani haukulipata. Draivu ingekuwa ya kusoma tu, isiyochoma, Windows ingesema haioni kichomeo. Fundi anayelipwa kwa kazi hii alipaswa kulijua hilo kabla ya kunituma dukani.

Nikajaribu na flashi, ile njia ya kutengeneza draivu ya uokoaji. Jibu likawa kwamba baadhi ya mafaili yanayohitajika hayapo. Nikafungua Command Prompt (lile dirisha jeusi la amri) kama msimamizi, nikaandika reagentc /info, amri inayoonyesha hali ya mfumo wa uokoaji. Hali: Disabled, yaani umezimwa. Mahali faili lilipo: patupu. Nikaandika diskmgmt.msc nione jinsi hard disk ilivyogawanywa. Kuna C, kuna D, kuna kile kipande kidogo cha kuwashia, basi. Sehemu ya uokoaji haipo kabisa. Nikatafuta faili la Winre.wim, lenye mfumo wenyewe wa uokoaji, kwenye Windows\System32\Recovery. Halipo.

Hiyo haikufutika kwa bahati mbaya, wala siyo umeme. Ukipiga Windows 10 safi, ile inayotoka Microsoft, Winre.wim inakuja nayo. Kinachofanyika ni kwamba mafundi wana nakala moja ya Windows iliyokatwakatwa iwe nyepesi, wanaimwaga kwenye mashine zote zinazoingia dukani. Faili lenyewe ni mega mia kadhaa tu, kwenye hard disk ya GB 500! Mmeokoa nini hapo?

Nilipomwambia fundi nilichokiona, hakubisha. Akasema, "Dada, diski hizo hazitumiki siku hizi. Ikikorofisha ilete, tunapiga upya, elfu ishirini." Kupiga upya maana yake C inafutwa. Kila nilichohifadhi kwenye desktopu, kazi za wateja, vyeti vya watoto wa watu vilivyoskaniwa, vinaondoka. Na nalipia.

Niliyofanya, mwenye shida kama hii afuate. Pakua ISO ya Windows 10 (faili moja lenye Windows nzima ya kupigia) kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, ni zaidi ya GB 4, kwa hiyo jipange na bando. Iwe toleo lilelile la kwako, biti 64 kwa biti 64. Ifungue, ingia folda ya sources, lifungue faili la install.wim kwa 7-Zip (programu ya kufungulia mafaili yaliyobanwa), fuata Windows, System32, Recovery, utaikuta Winre.wim. Inakili uiweke kwenye folda kama hiyo ya mashine yako, kisha kwenye Command Prompt andika reagentc /enable. Mimi ilikubali, na recdisc ikachoma diski kwa CD ileile iliyoitwa feki. Msiishie hapo, izimeni mashine mwiwashe kwa hiyo diski mhakikishe inafunguka.

Najua Microsoft wameacha kuihudumia Windows 10 tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Ila mashine nyingi za mtumba tunazouziwa hapa haziikubali Windows 11, tutabaki nazo. Ndiyo maana uokoaji wake unatuhusu zaidi kuliko mwenye mashine mpya.

Mafundi, nataka sababu. Nani aliwaambia mfute, na kwa nini mteja haambiwi wakati wa kununua? Na wengine wote mlionunua laptopu za mtumba Arusha na Moshi, andikeni reagentc /info, mje mseme hapa ni Enabled au Disabled, na kama mlinunua ikiwa imeshapigwa Windows dukani. Majina ya maduka msiweke kwanza, tuone ukubwa wa jambo lenyewe.